Duka la Ushirika na Wenyewe

Si mara moja tumeulizwa na vijana wa madrasa: kwa nini duka la ushirika la mtaa wetu lilikufa? Lilifunguliwa kwa dua na furaha. Watu walichanga; mchele, unga na mafuta vikanunuliwa kwa jumla, na bei ikawa nafuu kuliko ya maduka ya jirani. Walakini halikutimiza mwaka wa pili. Wako wasemao ni hasadi, wako wasemao ni uchawi. Sisi twaona sababu imo katika daftari la madeni. Na ili jambo hili lifahamike vema, yafaa kwanza tuwasimulie habari za watu wa mbali ambao yaliwapata hayohayo zamani kabla yetu.

Kaskazini mwa Uingereza uko mji uitwao Rochdale. Leo mna Waislamu wengi mjini humo, aghalabu wenye asili ya Pakistan, na misikiti yao imo humo. Lakini mwaka 1844 ulikuwa mji wa viwanda vya kufuma sufu na pamba, na wafumaji wake walikuwa katika dhiki kubwa. Waliomba nyongeza ya ujira wakanyimwa, na kile kidogo walichokipata kiliishia kwa wauza vyakula wenye kughushi. Unga ulitiwa shabu ili uonekane mweupe. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa, yakatiwa rangi na kuuzwa tena. Maskini hakuwa na pa kukimbilia, maana aghalabu mwenye duka alikuwa akimdai, na mdaiwa hachagui duka.

Basi watu 28 walishauriana. Walikuwamo wafumaji, seremala, mshoni na wengineo wa kazi za mikono, tajiri hakuwamo. Walichanga peni mbili kwa juma, baadaye tatu, hata kila mmoja akatimiza paundi moja. Katika paundi 28 hizo, 10 zilikuwa kodi ya mwaka ya chumba cha chini cha ghala moja katika njia iitwayo Toad Lane. Zilizosalia zilitengeneza chumba na kununua siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa michache. Jioni ya tarehe 21 Desemba, wakati wa usiku ulio mrefu kuliko yote ya mwaka katika nchi zile, walifungua mlango. Nje walikuwako vijana wa viwandani wamekuja kuwacheka.

Mmoja wa hao 28, Charles Howarth, alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa kushindwa. Mwaka 1833 palifunguliwa duka la ushirika katika njia hiyohiyo, naye alikuwa mmoja wa watu wake. Likafa baada ya miaka miwili kwa sababu lilikopesha. Safari hii waliandika katika kanuni zao kwamba hapana kununua wala kuuza ila kwa fedha taslimu, hata kwa mwenye hisa. Kipimo kiwe kamili, na chakula kiwe safi. Kila mtu ana kura moja, awe amechanga kingi au kidogo. Na faida irudishwe kwa wanunuzi, kila mtu kwa kadiri ya alivyonunua. Wanachama walikuwa 74 mwaka 1845, wakawa 600 mwaka 1850, na mwaka 1860 walifika 3,450.

Msomaji atasema: haya ya vipimo mbona sisi tunayo Sura nzima, Al-Mutaffifin, ambayo mtoto wa madrasa huihifadhi kabla hajajua kushika mizani? Ni kweli, na hapo ndipo penye aibu yetu. Hata hivyo hatusemi kwamba mambo yao yote yatufaa. Walikuwa wakilipa riba juu ya fedha za wanachama, na hiyo kwetu ni haramu. Kumrudishia mnunuzi ziada ya bei aliyoilipa ni jambo jingine, nasi hatuoni ubaya wake.

Jambo moja litawapendeza akina mama. Mwaka 1846 Eliza Brierley aliingia katika chama hicho kwa jina lake mwenyewe, katika zama ambazo sheria ya Kiingereza ilihesabu mali ya mke kuwa ya mumewe. Na vijana wajue kwamba chama hicho baadaye kilitenga sehemu mbili na nusu katika kila mia ya faida kwa ajili ya elimu, kikanunua vitabu. Hicho ndicho kiwango cha zaka ya fedha, ijapokuwa wenyewe hawakuikusudia zaka.

Sasa tulifikie lililo gumu. Mjane aja dukani magharibi, watoto hawajala, naye hana kitu. Je, dini yetu haikuamrisha kumpa nafasi mwenye dhiki? Imeamrisha. Lakini amri hiyo yamhusu mwenye mali juu ya mali yake. Mali ya duka ni amana ya nyumba nyingi, na anayepima mchele hana ruhusa ya kuwa karimu kwa kisichokuwa chake. Akitaka kumsaidia mjane, na atie mkono mfukoni mwake, au pawe kasha la sadaka kando, lenye hesabu yake mbali.

Tena tuseme kweli: waliolimaliza duka letu hawakuwa wajane. Walikuwa watu wenye mishahara na biashara, na wazee wenye kuheshimiwa. Muuzaji alikuwa kijana tuliyemsomesha sisi wenyewe. Angewezaje kumwambia mzee wake, "Lete fedha kwanza, baba"? Aliandika tu, daftari likajaa, na duka lilipofungwa lawama zote alibebeshwa yeye. Samuel Ashworth, muuzaji wa kwanza wa Rochdale, naye alikuwa kijana wa miaka 19. Lakini yeye hakulazimika kumkatalia mtu kwa ulimi wake. Kanuni ilimkatalia, na wakubwa walioiandika waliitii mbele yake.

Ijumaa ijayo, baada ya Laasiri, wazee wa mtaa wamekubali kukutana barazani ili kushauriana juu ya kulifungua duka upya. Kijana yule tumemwomba aje, naye amekubali kwa sharti moja, ya kwamba kwanza daftari la zamani lisomwe mbele ya wote, jina kwa jina. Sisi tumelikubali sharti lake. Jina letu limo, kwa kilo nane za mchele na chupa mbili za mafuta.