Bwawa la mji: kuziba, kuvika au kujenga upya?

Miji mingi midogo ya Australia ilijenga mabwawa yake ya kuogelea miaka ya 1950 na 1960, mengine yakiwa kumbukumbu ya waliokufa vitani. Mwaka 2022 Royal Life Saving Australia ilikadiria kuwa mabwawa ya umma kama 500 yatafikia ukomo wake muongo huu, na kuyabadilisha kutagharimu dola za huko bilioni 8 hivi. Hiyo ni wastani wa dola milioni 16 kwa bwawa, mzigo mzito kwa mji wa wakazi elfu chache.

Tuchukue bwawa la mita 50 kwa 20, kina cha wastani mita 1.5. Hilo lina maji lita milioni 1.5.

Kuziba. Ni nafuu kuliko zote, ikiwa zege bado ni zima. Pima kwanza: weka ndoo ya maji kwenye ngazi ya bwawa kwa siku nzima. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, tofauti hiyo ndiyo uvujaji. Sentimita moja tu kwa siku ni lita 10,000. Kwa msimu wa siku 150, umelipia maji ya bwawa zima mara ya pili. Nondo zikishashika kutu na zege likabanduka, kuziba ni kuahirisha gharama.

Kuvika. Zege la zamani hufunikwa kwa ngozi nene ya PVC. Kuta na sakafu huacha kuvuja bila kubomolewa. Ila mabomba na machujio yakiachwa ya zamani, maji yanaweza kuendelea kupotea ardhini.

Kujenga upya mita 50. Klabu za mashindano hulitaka. Lakini kulipasha joto kwa nyuzi 1 tu ni uniti 1,740 hivi za umeme; pampu ya joto hutumia kama robo yake.

Mita 25, na kidimbwi cha watoto pembeni. Kwa upana na kina kilekile, maji na nishati ya kuyapasha hupungua kwa nusu. Wanaojifunza kuogelea wanahitaji maji ya uvuguvugu yasiyo na kina, si urefu. Kasoro yake ni msongamano siku za joto kali. Kuliezeka paa huongeza miezi ya kuogelea, lakini huleta pia gharama ya kuondoa unyevu unaokula vyuma.

Uamuzi wetu. Zege likiwa zima, vika na ubadilishe mabomba. Likiwa limeoza, jenga mita 25 la wazi, lenye pampu ya joto na turubai la kulifunika usiku, maana joto jingi hupotea na mvuke. Mita 50 liwe kwa mji ambao hauna jingine jirani. Kabla ya kukubali, wakazi waidai halmashauri hesabu ya miaka 30: deni, umeme, maji, dawa na mishahara ya waokoaji. Ruzuku za serikali kwa kawaida hulipia ujenzi. Bili za kila mwezi hubaki kwa mlipa kodi wa mji.