Kontrola ya Sola Garini Huamini Waya Wake

Kwenye gereji za Arusha na Nairobi, kufunga sola juu ya Land Cruiser au Hiace ya kambi sasa ni kazi ya kawaida. Gari linaletwa likiwa na keria, hema la kukunja juu ya paa, friji ndogo ya volti 12 nyuma na betri ya pili iliyofichwa chini ya kiti. Mwenye gari anataka alale Serengeti au Samburu usiku kadhaa bila kuwasha injini, na nyama isioze. Baada ya safari ya kwanza anarudi na lalamiko ambalo mafundi wamelizoea: paneli ni mpya, betri ni mpya, lakini alfajiri friji ilikuwa imezima.

Lawama huangukia betri. Ukifuatilia, mara nyingi utakuta betri hiyo haikuwahi kujaa tangu siku iliyofungwa, na sababu iko kwenye waya wa mita chache unaotoka kwenye kontrola.

Tuanze na kazi ya kontrola yenyewe. Paneli ya wati 100 inayouzwa kama ya volti 12 huwa na seli 36 zilizofuatana, na juani bila mzigo hutoa kama volti 22. Ikifanya kazi vizuri hushuka hadi volti 18 hivi, ikitoa karibu ampea 5.5. Ukiiunga moja kwa moja na betri ya risasi itaichaji, na haitaacha. Maji ya betri yatachemka na mabamba yataharibika. Kontrola hukaa katikati ili kuamua. Mwanzoni huruhusu mkondo wote upite. Betri ikifika volti 14.4 hivi, huishikilia hapo huku mkondo ukipungua wenyewe taratibu. Ikisharidhika, hushuka hadi volti 13.6 hivi ili betri ibaki imejaa bila kuchemka.

Maamuzi hayo yote hutegemea kipimo kimoja: volti. Na kontrola nyingi hupima volti hiyo kwenye temino zao zenyewe. Hazijui kilicho upande wa pili wa waya.

Hebu tupige hesabu. Fundi ameweka kontrola karibu na dereva, mahali pazuri pa kuonekana, na betri iko nyuma, mita 4 kutoka hapo. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 8. Ametumia waya wa milimita mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani. Upinzani wa shaba iliyonyooshwa hivyo ni kama omu 0.056. Kontrola ikisukuma ampea 15, volti 0.84 zinapotelea njiani. Kontrola inasoma 14.4 na kuamini betri imefika; kwenye betri kuna 13.56. Basi inaanza kubana mkondo mapema, saa tano asubuhi, wakati ambapo jua ndiyo kwanza linapata nguvu. Mkondo ukipungua, upotevu wa njiani nao unapungua, hivyo betri itaendelea kupanda, lakini polepole, na jua la tropiki halisubiri mtu: jioni linazama. Betri ya risasi inayolala bila kujaa siku baada ya siku hugandwa na salfeti kwenye mabamba yake, na uwezo uliopotea hivyo haurudi wote.

Sasa hamisha kontrola iwe mita 1 kutoka kwenye betri na utumie waya wa milimita mraba 6. Kwa ampea zile zile 15 upotevu ni chini ya volti 0.1. Hakuna ulichonunua zaidi ya waya mfupi mnene. Kama mwenye gari anataka kuona namba akiwa mbele, anunue kontrola yenye skrini ya mbali au inayoonyesha kwenye simu. Kontrola yenyewe ikae na betri. Isikae ndani ya kasha moja na betri ya risasi ya maji, maana betri hiyo ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni na mvuke wa tindikali. Ifungwe kwa kusimama, mapezi yake ya kupoza yakielekea juu na chini, kwenye ukuta wa chuma, na nafasi ya kiganja pande zote mbili hewa ipite.

Upande wa paneli una uhuru zaidi, na hapo ndipo tofauti kati ya kontrola za PWM na za MPPT inapoonekana. PWM huiunga paneli na betri moja kwa moja kwa kuwasha na kuzima haraka, hivyo paneli hulazimika kufanya kazi kwa volti za betri. Paneli mbili za wati 100 sambamba zitatoa ampea 11 kwa volti 13, yaani wati 143. Zilizobaki hazivunwi. MPPT huiacha paneli kwenye volti inazozipenda, kisha hugeuza volti zilizozidi kuwa ampea. Kwa paneli mbili juu ya paa la gari ningeshauri MPPT bila kusita, na ningeziunga paneli hizo kwa kufuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Zitatoa kama volti 36 kwa ampea 5.5, na waya unaoshuka kutoka kwenye paa utapoteza kidogo sana.

Kuna sababu nyingine ya kuzifuatanisha: joto. Saa saba mchana kwenye paa la gari lililoegeshwa nyika ya Tsavo, seli hufika nyuzijoto 65. Paneli hupimwa kiwandani kwa 25. Kila nyuzi ikipanda, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 0.4, hivyo wati 200 zinabaki kama 168, na volti 18 za paneli moja hushuka kukaribia 15. MPPT inahitaji volti za paneli ziwe juu ya za betri. Baadhi ya kontrola za kampuni ya Victron, kwa mfano, hazianzi kuchaji mpaka paneli izidi betri kwa volti 5. Paneli moja iliyopata joto huvuka kizingiti hicho kwa shida. Mbili zilizofuatana huvuka bila wasiwasi. Na fundi asizigandishe paneli kwenye bati: sentimita 2 au 3 za hewa chini yake zinalipa.

Baridi nayo ina hatari yake, ambayo wengi huisahau kwa kudhani sisi ni watu wa joto. Paneli ikipoa, volti hupanda. Ukilala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi yaweza kuwa nyuzijoto 5. Paneli tatu zilizofuatana zenye volti 66 kwenye karatasi zitafika 70 jua likichomoza. Kontrola iliyoandikwa 75/15 hubeba volti zisizozidi 75 kutoka kwenye paneli na ampea 15 kwenda kwenye betri. Hapo umebakiwa na nafasi finyu. Ampea zikizidi, kontrola nzuri hujibana tu. Volti zikizidi, inaungua, na dhamana haihusiki.

Kuhusu kivuli, kufuatanisha kuna gharama. Dumu la mafuta kwenye keria likitia kivuli paneli moja, nayo nyingine huathirika, ijapokuwa diodi zilizo mgongoni mwa paneli hupunguza madhara. Dawa yake ni kupanga keria vizuri. Na anayeegesha chini ya mgunga kwa ajili ya ubaridi ajue kwamba mchana huo anaishi kwa akiba ya betri.

Sasa nifike kwenye kosa linaloua betri nyingi kimyakimya. Umeme wa magari umejengwa juu ya bodi: hasi ya betri imefungwa kwenye chuma, na kila taa huchukua hasi yake hapo karibu. Fundi wa magari aliyezoea hivyo anaona ni upotevu kuteremsha nyaya mbili kutoka kwenye paa. Anaifunga hasi ya paneli kwenye bodi na kuteremsha chanya peke yake. Tatizo ni kwamba kontrola nyingi za bei nafuu za PWM zimeunganisha chanya zote ndani, na swichi yao imewekwa upande wa hasi. Hasi ya paneli na hasi ya betri zikikutana kwenye bodi, mkondo unaipita swichi pembeni. Skrini inawaka, taa ya kijani inapepesa, na paneli inaichaji betri bila kizuizi hadi volti 15 na zaidi. Kwa hiyo iwe sheria: kutoka kwenye paneli zishuke nyaya mbili, zote ziingie kwenye kontrola. Kutoka kwenye kontrola ziende nyaya mbili hadi kwenye betri. Bodi iguswe mahali pamoja tu, kwenye hasi ya betri.

Wanaogeuza Coaster za dizeli kuwa nyumba wana mtego mwingine. Nyingi kati ya hizo ni za volti 24, betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Wapo wanaotoa waya katikati ya betri hizo mbili ili kupata volti 12 za taa na friji. Betri iliyo upande wa bodi hutumika kila siku, nyingine haitumiki hivyo, lakini zote huchajiwa pamoja. Moja hufa kwa njaa, nyingine kwa kushiba kupita kiasi. Kama gari ni la volti 24, weka kigeuzi cha 24 kwenda 12, au jenga mfumo wa nyumba wenye betri zake peke yake.

Fyuzi inalinda waya, na adui wa waya ni betri. Paneli mbili zikipigwa shoti hutoa ampea 6 au 12 tu. Betri ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000, na waya huwaka mwekundu kabla hujafungua mlango. Ndiyo maana fyuzi hukaa kwenye chanya, karibu kabisa na betri, ndani ya shubiri moja, na si karibu na kontrola. Kwa kontrola ya ampea 15 yenye waya wa milimita mraba 6, fyuzi ya ampea 20 inatosha. Waya uwe ule wa nyuzi nyingi laini. Waya mgumu wa nyumba hukatika ndani ya ganda lake baada ya kutikiswa kwenye barabara ya changarawe kama ile ya Naabi huko Serengeti, na mkatiko huo huwezi kuuona.

Mpangilio wa kuunga una sababu pia. Betri kwanza, paneli baadaye. Kontrola ikiiona betri hutambua kama ni mfumo wa volti 12 au 24 na kupata mahali pa kupeleka umeme. Ikipewa paneli bila betri, haina cha kupimia; nyingine hukosea mfumo, nyingine huungua. Ukifungua, kinyume: paneli itoke kwanza. Na usichomoe plagi za paneli (MC4) jua likiwaka na mkondo ukipita, kwa sababu umeme wa mkondo mmoja (DC) hutoa cheche ndefu isiyozimika kirahisi. Funika paneli kwa blanketi, au bora zaidi, weka swichi kati ya paneli na kontrola, iliyoandikwa kuwa ni ya DC. Ile ya AC ya ukutani nyumbani haikutengenezwa kuzima cheche hiyo.

Kabla ya kuondoka, ingia kwenye mipangilio na uchague aina ya betri. Betri ya risasi inahitaji volti za kuchajia zipungue betri ikipata joto. Kwenye nyuzijoto 40, zile 14.4 zishuke hadi karibu 14.0. Betri ya lithiamu ya LiFePO4 haihitaji punguzo hilo, wala haitaki ile chaji ya kusawazisha ya volti 15 na zaidi ambayo betri za maji hupewa mara kwa mara. Ikipewa, ulinzi wake wa ndani utakata umeme, na utabaki gizani.

Na zile temino za mzigo zenye picha ya balbu ni za taa. Inveta ya wati 1,000 huvuta karibu ampea 90 kwa volti 12, wakati temino hizo kwa kawaida hubeba 15 au 20. Inveta ifungwe kwenye betri, na fyuzi yake kubwa, na nyaya zake nene. Friji vilevile, kwa waya wake na fyuzi yake, maana kompresa ikianza huvuta ghafla. Usishangae ukiendesha gari na kuona kontrola imepunguza kazi: altaneta imepandisha volti za betri, kontrola imeona zinatosha, ikajiweka kando. Hiyo si hitilafu.

Kabla hujamlipa fundi, mwombe jambo moja. Acha friji ifanye kazi usiku kucha ili betri ishuke, kisha saa tano asubuhi, jua likiwa kali, apime kwa mita volti kwenye temino za betri za kontrola, na mara moja apime tena kwenye vichwa vya betri yenyewe. Tofauti ikizidi volti 0.2, kazi haijaisha: waya ubadilishwe uwe mnene zaidi, au kontrola isogezwe karibu na betri.