Ufa usioonekana chini ya daraja la meno

Wafanyabiashara wengi wa mpakani na ndugu waliorejea kutoka nje ninaokutana nao wana daraja la meno la kauri. Huyu alitengenezewa Kampala, yule Nairobi, mwingine Ubelgiji. Kila mmoja anakumbuka bei. Ukimwuliza lilibandikwa kwa simenti gani, ananyamaza.

Daraja hilo hubebwa na meno ya pembeni, kama lile la Rusumo linavyoegemea kingo mbili za Mto Kagera. Kauri haiozi. Kinachooza ni jino lililo chini yake, pale simenti inapoacha upenyo na vijidudu vikaingia pamoja na mate.

Simenti ya zamani ya zinki fosfeti, iliyoanza karne ya 19, hujaza nafasi tu. Haishikamani na jino kikemikali, na asidi huila taratibu. Ile ya glasi ayonoma, iliyobuniwa Uingereza na Wilson na Kent na kutangazwa mwaka 1972, hushikamana na jino na kutoa floraidi. Simenti ya rezini hushika kauri kwa nguvu zaidi, lakini ina masharti.

Jino lazima liwe kavu, bila mate wala damu. Kauri ya kioo huandaliwa kwa asidi maalumu. Zirkonia haisikii asidi hiyo, bali hupulizwa kwa chembe za alumina na kupakwa dawa yake. Hata simenti ya muda yenye mafuta ya karafuu, isiposafishwa vizuri, huizuia rezini kukauka sawasawa.

Watafiti hupima uzibaji kwa kuyatumbukiza meno yaliyong'olewa mara maelfu katika maji ya nyuzijoto 5 na 55, kana kwamba mtu anakunywa soda baridi kisha chai ya moto. Baadaye huyaloweka kwenye rangi na kuyakata. Kwa kawaida rangi hupenya zaidi ukingo unapofika kwenye mzizi kuliko unapoishia kwenye sehemu ngumu ya juu.

Daktari aliyenitengenezea langu mwaka 2018, ng'ambo ya mpaka, hakunipa maandishi yoyote. Upande mmoja ulipoachia, sikusikia maumivu, kwa kuwa jino hilo lilikwisha kutolewa mshipa. Daktari wa huku alipolifungua, alikuta limeoza hadi kwenye fizi, likang'olewa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuvuka mpaka na kinywa kipya, dai karatasi yenye aina ya kauri, aina ya simenti na tarehe. Ukisikia harufu mbaya, ladha ngeni au daraja likicheza, nenda kwa daktari wa meno upesi, na usijaribu kulibandika kwa gundi ya dukani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa meno ni ghali.