Zima Kwanza, Kisha Shika

Jamaa zetu, kurasa hizi kila mwaka huandikwa harusi, watoto waliozaliwa na wazee waliotutangulia. Safari hii tunaomba nafasi ndogo kwa ajili ya wale walioko makarakana. Kwetu sisi kaka na mdogo wake hufanya kazi pamoja, na mapenzi hayo ndiyo yenye khatari.

Tulikuwa karakanani Ruwi, Maskati, wakati wa joto, jasho linatutoka na sakafu ina maji. Kijana wetu mmoja akawasha keekee ya umeme ambayo waya wake umechubuka. Mara akakakamaa, hasemi wala haiachii. Kaka yake akaruka amshike. Fundi mmoja mzee akapiga ukelele, "Usimguse! Zima kwanza!" akaikimbilia swichi kuu. Kijana akaanguka, akavuta pumzi. Lau kaka angemshika, huenda tungezika wawili.

Hakuiachia kwa sababu hakuweza. Umeme wa Oman ni volti 240, nao ukipita mkononi hukaza misuli hata vidole visifunguke. Mwili ulioroa jasho huupitisha kwa wepesi zaidi, na anayemgusa mwenziwe hupitiwa naye.

Basi zima swichi kuu au chomoa plagi. Ikishindikana, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mpini mkavu wa ufagio, si kwa chuma. Ama nyaya kubwa za nguzoni, ubao haufai kitu: kaa mbali mita 18 au zaidi mpaka watu wa umeme waukate.

Akishatengana na umeme, mwite. Ikiwa haitiki wala hapumui sawasawa, piga simu 9999 kwa walioko Oman, 999 kwa walioko Uingereza. Weka viganja katikati ya kifua, ukibonyeze sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa ampulizie pumzi 2 kila baada ya mibonyezo 30. Usiache mpaka msaada ufike.

Hata akiinuka anacheka, apelekwe spitali. Alama ndogo ya kuungua huweza kuficha jeraha kubwa ndani, na mapigo ya moyo huweza kuvurugika.

Wazee wetu, leo usiku waulizeni vijana: swichi kuu ya kazini kwenu iko wapi? Asiyejua, kesho aitafute kabla hajashika chombo.