Orodha Fungamani katika Pascal: Mfano wa Msamiati wa Lubukusu

1.0 Utangulizi
Makala haya yanaeleza jinsi orodha fungamani inavyoundwa kwa Pascal, lugha ya kompyuta iliyotangazwa na Niklaus Wirth huko Zurich, Uswisi, mwaka 1970. Mifano imetolewa katika Lubukusu, lugha isikikayo Matisi, kando ya mji wa Kitale, na katika sehemu kubwa ya Bungoma. Mkusanyaji wa msamiati hajui mapema atapata maneno mangapi. Akitenga safu yenye nafasi 1,000, neno la 1,001 halina pa kukaa. Orodha fungamani huondoa kikwazo hicho.

2.0 Kifundo na Kielekezi
Orodha hii ni mnyororo wa vifundo. Kila kifundo hubeba neno pamoja na kielekezi, yaani anwani ya kifundo kinachofuata. Amri ya new hutenga nafasi kila neno jipya lipatikanapo. Kifundo cha mwisho hubeba nil, ishara ya kuwa mnyororo umekoma. Anwani ya kifundo cha kwanza ikipotea, orodha nzima haifikiki tena.

Katika Pascal, kielekezi hufungwa kwa aina moja tu. Sharti hili lafanana na upatanisho wa ngeli: kumusala (mti) huchukua wingi wa kimisala, wala haukopi kiambishi cha chimbwa, wingi wa embwa (mbwa). Programu-tafsiri hukataa kielekezi kisichopatana kabla kazi haijaanza.

3.0 Tatizo la Aina Mbalimbali
Nomino huhitaji umoja na wingi. Kitenzi kama khukula, chenye maana ya "kununua", huhitaji shina. Kuunda orodha mbili ni kurudia kazi ile ile. Pascal asilia hutoa rekodi yenye sehemu badilifu:

type
  Neno = packed array [1..20] of char;
  Aina = (nomino, kitenzi);
  Kielekezi = ^Kifundo;
  Kifundo = record
    kifuatacho: Kielekezi;
    case jinsi: Aina of
      nomino: (umoja, wingi: Neno);
      kitenzi: (shina: Neno)
  end;

Yafaa izingatiwe kuwa Kielekezi kimetajwa kabla ya Kifundo kuelezwa. Ruhusa hiyo ni ya vielekezi peke yake. Aidha, alama ya jinsi sharti isomwe kwanza, kwani si kila programu-tafsiri huihakiki. Ikisahauliwa, shina la khukula laweza kusomwa kuwa umoja wa nomino, na kosa likaingia kamusini bila onyo.

Turbo Pascal ilikuja kuruhusu kielekezi kisicho na aina, ikamwachia mtumiaji mzigo wote wa kukumbuka. Free Pascal ya leo hukubali aina yenyewe itolewe kama kigezo: orodha huandikwa mara moja, na ukaguzi hubaki.

4.0 Hitimisho
Orodha ibebayo kila kitu pasipo alama ya aina ni sawa na kamusi isiyoonyesha ngeli: maneno yamo yote, lakini upatanisho wake haujulikani.