Hodi Katika Simu ya Mwenzio

Aliyewahi kuhudhuria kupamba Mombasa, Malindi au Lamu anaujua utaratibu wake. Mlangoni huketi mama mmoja mwenye kikapu, naye hamruhusu mtu kupita mpaka aiache simu yake humo. Ndani wanawake wamekwisha kuvua mabuibui, nywele zimefumuliwa na kutiwa asumini, na bibi arusi ameketi na hina yake akitazamwa na wanawake wenziwe. Hubaki simu moja au mbili tu, za watu wa karibu walioaminiwa. Mlango wa arusi twaulinda kwa macho makali. Lakini arusi ikiisha picha zile hukaa ndani ya simu, na simu siku moja huanguka ikapasuka kioo.

Ndivyo ilivyomfika mama mmoja tumjuaye. Aliipeleka simu yake kwa fundi, akaandika tarakimu za kuifungulia katika kipande cha karatasi, kikabandikwa mgongoni mwa simu, kama tufanyavyo wengi wetu bila kufikiri. Jioni alirejeshewa ikiwa na kioo kipya, akalipa, akashukuru. Baada ya wiki tatu binti yake alitumiwa na shoga yake picha ya kupamba kwake mwenyewe, kichwa wazi na mabega wazi, iliyokuwa ikizunguka katika kundi la WhatsApp la vijana wa kiume wa mtaani. Picha hiyo haikuwahi kutumwa kwa mtu yeyote. Ilikuwa katika simu ya mama peke yake.

Neno la kwanza lililosemwa nyumbani ni kwamba jambo hilo linyamaziwe. Ati ukilipeleka mbele utazidisha aibu. Na tena, ni nani atakayemshtaki mtu kwa sababu ya picha? Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya, kwani sheria ya kumshtaki mtu huyo ipo.

Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyotiwa saini mwezi wa Mei 2018. Jina lake limewapoteza wengi. Husikia "kompyuta" wakadhani ni mambo ya mabenki na ya vijana wanaovunja mitambo ya serikali usiku wa manane. Sheria yenyewe imeeleza kwamba vifaa vya mkononi vimo katika maana ya mfumo wa kompyuta. Simu iliyo mkobani mwako, basi, imo.

Kifungu cha 14 ndicho mlango wake. Mtu anayevuka kinga iliyowekwa ili aingie katika mfumo huo, hali akijua kwamba hana ruhusa, ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 5,000,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hapa pana jambo linalomhusu mama yetu moja kwa moja. Ruhusa hupimwa kwa aina yake. Aliyepewa tarakimu ili ajaribu kioo hakupewa ruhusa ya kufungua picha, sembuse kuzinakili. Ni sawa na mgeni aliyepiga hodi akakaribishwa barazani, kisha akaonekana chumbani.

Kusambaza ni kosa la pili, nalo limo katika kifungu cha 37, kinachomhusu anayehamisha au kuchapisha picha ya faragha ya mtu mwingine. Aliyepeleka mbele "kwa mzaha tu" amo pamoja na aliyeanza. Hata hivyo, hatuwezi kuficha mshangao wetu. Adhabu ya juu ya kosa hili ni shilingi 200,000 au miaka miwili, au vyote viwili. Kuvunja kufuli ya simu kumewekewa faini kubwa mara ishirini na tano kuliko kumvunjia mtu staha yake mbele ya mji mzima! Tena, kwa wengi wetu nywele za mwanamke ni faragha yake. Sheria hii haikuandikwa kwa jicho hilo, na huenda wakili wa mshtakiwa akabishana kwamba picha ya bega si picha ya faragha. Kwa hiyo twaona ni vyema kifungu cha 14 kitajwe pia katika mashtaka, kwa maana chenyewe hakiulizi picha ilionyesha nini.

Kifungu hicho cha 37 kiliwahi kulazwa. Mwezi wa Mei 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 vya sheria hii baada ya chama cha wanablogu kwenda mahakamani, na havikurudi kufanya kazi hadi Februari 20, 2020. Labda ndiyo sababu wengi bado hudhani kwamba sheria hiyo ilifutwa.

Picha ikitumiwa na saluni au mpiga picha kutangaza biashara bila idhini, iko njia nyingine, nayo ni Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Na mume na mke je? Swali hili huulizwa kwa kunong'ona. Kifungu cha 14 hakikumtenga mume wala mke, wala kijana anayeijua namba ya siri ya M-Pesa ya bibi yake. Hatusemi watu wa nyumba moja waburutane mahakamani. Twasema tu kwamba anayevizia mwenziwe alale ili amfungulie simu asijidanganye kuwa anatumia haki yake.

Kwa fundi, keti papo hapo mpaka kazi iishe. Baadhi ya simu za Samsung zina hali maalumu ya matengenezo inayoficha picha na ujumbe. Iwashe kabla ya kuikabidhi. Likikufika la kukufika, usifute ulichotumiwa hata kama kinakuchoma. Hifadhi tarehe na namba zilizotuma, nenda kituo cha polisi, wala usiondoke bila nambari ya OB.

Mama yule alikwenda siku ya nne, akiwa na shemeji yake. Aliomba maelezo yake yaandikwe na askari mwanamke, akakubaliwa. Binti alikataa kufuatana nao. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe.