Mzee Hapumziki kwa Kukaa Peke Yake



Leo tutazungumza juu ya afya ya wazee wetu. Hatutazungumza juu ya sindano wala vidonge. Tutazungumza juu ya ngoma, bao na vitendawili. Je, mambo haya yanahusu afya? Ndiyo. Soma, uone.

Bibi wa kila Jumatatu

Mimi ni tabibu msaidizi. Sijafika miaka 30. Nilipoanza kazi katika zahanati moja, bibi mmoja alikuja kila Jumatatu. Wiki hii anaumwa magoti. Wiki ya pili anaumwa mgongo. Wiki ya tatu moyo unakwenda mbio. Nilimpima, nikampa dawa ya maumivu, akaenda zake. Jumatatu ikifika tena, yuko kwenye benchi, wa kwanza.

Siku moja wagonjwa walikuwa wengi, nami nimechoka. Nikamwambia, "Bibi, wewe huumwi. Nenda nyumbani ukapumzike."

Akanijibu, "Mjukuu wangu, nyumbani hakuna mtu."

Niliona aibu. Mumewe alikwisha fariki. Watoto wake wako mbali. Mjukuu anayeishi naye hutoka alfajiri kwenda kwenye vibarua, akarudi usiku. Benchi la zahanati ndipo mahali pekee alipopata watu wa kusalimiana nao. Nilikuwa nimempima presha mara nyingi. Sikuwahi kumwuliza anashinda na nani.

Wazee kama huyu ni wengi. Hapa Mtumba mambo yamebadilika. Mwaka 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa katika kata yetu. Vijana wamepata kazi za ujenzi na biashara. Hilo ni jambo jema. Lakini mchana, nyumba nyingine hubaki na mzee mmoja na kuku wake.

Upweke unaumizaje mwili?

Watu wengi husema, "Mwacheni mzee apumzike." Wanasema kwa upendo. Lakini kukaa kutwa nzima si kupumzika.

Msuli usiotumika hunywea. Miguu ikikosa nguvu, mzee huogopa kutembea. Akiogopa kutembea, hukaa. Akikaa, miguu huzidi kulegea. Mwisho huanguka. Mifupa ya wazee wengi ni dhaifu, hivyo ya nyonga huvunjika upesi.

Tena, mtu anayekula peke yake mara nyingi hula kidogo. Asiyezungumza na mtu huwaza sana, naye hukosa usingizi. Moyo wa huzuni huufanya mwili uwe mgonjwa.

Hili si tatizo letu peke yetu. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mtu 1 kati ya kila watu 6 duniani anasumbuliwa na upweke.

Kituo cha mchana ni nini?

Kituo cha mchana si makazi ya wazee, kama yale ya Sukamahela, wilayani Manyoni. Kwenye makazi mzee analala huko. Kwenye kituo cha mchana mzee anakuja asubuhi, anakaa na wenzake, kisha anarudi kwake.

Hakuna haja ya kungoja jengo. Mti wenye kivuli kizuri unatosha. Vitu vinavyohitajika ni hivi:

1. Uwanja uliofagiliwa, usio na mawe wala mashimo.
2. Vigoda, na viti vichache vyenye mgongo.
3. Maji safi ya kunywa na kikombe cha kila mtu.
4. Choo kilicho karibu.
5. Siku moja katika wiki isiyobadilika.

Wazee wafanye nini?

Kwanza, wasalimiane na kuulizana habari. Msiharakishe. Salamu ni sehemu ya dawa.

Pili, wanyooshe viungo. Mzee akae kwenye kiti imara. Anyanyue mguu mmoja, aushushe, kisha mwingine. Azungushe mabega. Asimame na kukaa mara tano, polepole, huku ameshika kiti cha mwenzake au mkongojo.

Tatu, ngoma. Sisi Wagogo tuna utajiri hapa. Akina bibi wanajua muheme. Wazee wa kiume wanajua zeze na marimba. Anayeweza kucheza, acheze. Asiyeweza kusimama, apige makofi au aimbe. Asiyeona vizuri, mpeni ngoma, kwa sababu mikono yake inaijua. Anayeimba anatanua mapafu. Anayecheza anazoeza miguu kusimama imara.

Huko Afrika Kusini, katika jimbo la Limpopo, wako akina bibi wanaocheza mpira wa miguu. Timu yao inaitwa Vakhegula Vakhegula, yaani "bibi, bibi". Mwaka 2010 walikwenda mpaka Marekani kucheza. Ikiwa wao wanakimbiza mpira, sisi hatushindwi na ngoma yetu.

Nne, bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji lazima ahesabu, akumbuke na afikiri mbele. Hiyo ni kazi nzuri kwa akili. Msicheze kwa fedha, maana fedha huleta ugomvi.

Tano, vitendawili na hadithi. Waiteni watoto siku wasiyokwenda shule. Mtoto anajifunza, na mzee anakumbuka kwamba bado ana kitu cha kutoa.

Sita, kazi nyepesi za mikono. Kubangua karanga pamoja, au kusuka mkeka. Kisha wanywe uji wa mtama au uwele, wakae kwa mazungumzo.

Lakini siku moja katika wiki haitoshi kwa miguu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wenye miaka 65 na zaidi wautumikishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku 5. Kutembea kwenda kwa jirani kunahesabiwa. Anayeanza aanze na dakika chache, aongeze taratibu.

Mambo ya kuangalia

Mzee asilazimishwe. Akibanwa na kifua au akikosa pumzi, aache mara moja, apelekwe kwenye matibabu. Akisikia kizunguzungu, akalishwe chini, kisha apimwe. Anayetumia dawa za presha au kisukari asiziache kwa sababu ngoma imemchangamsha. Pombe isiletwe uwanjani.

Mwombeni mhudumu wa afya awatembelee. Wazee wakiwa pamoja ni rahisi kuwapima presha na kuwatazama macho. Katika kundi letu tulimwona bibi mmoja ambaye kope zake zilikuwa zinakwaruza jicho. Alidhani ni uzee. Ulikuwa ugonjwa wa vikope, nao hata katika hatua hiyo unatibiwa kwa upasuaji mdogo ili jicho lisizidi kuharibika.

Alhamisi moja

Kundi letu lilianza na watu wawili: yule bibi wa Jumatatu na jirani yake, wakibangua karanga chini ya mti. Baadaye wakawa kumi na wanne. Wanakutana kila Alhamisi.

Alhamisi moja mzee mmoja hakuonekana. Wenzake walisema, "Huyu hakosi." Wakamtuma mtoto akamwangalie. Mtoto alimkuta sakafuni. Alikuwa ameanguka usiku, hawezi kuinuka, na hana maji. Tulimbeba, akapelekwa hospitali, akapona.

Kama asingekuwa na kundi, nani angejua?

Yule bibi magoti yake bado yanamuuma. Siwezi kusema ngoma imeyaponya. Lakini siku hizi haji kila Jumatatu. Anakuja kupimwa presha mara moja kwa mwezi, na ana haraka ya kuondoka.

Ndugu wasomaji, jifya moja haliinjiki chungu. Tarehe 1 Oktoba ya kila mwaka ni Siku ya Wazee Duniani. Msiingoje. Anzeni wiki hii.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa au kijiji chenu, mzee gani anashinda peke yake?
2. Mti gani una kivuli kizuri, na nani atafagia?
3. Mzee asiyeweza kutembea, nani atamleta?